Barua ya wazi kwa Waziri wa Leba: Kabla hamjaiomba Saudia msamaha mwingine

Mheshimiwa Waziri,

Kila picha za wanawake wetu waliolala kando ya kituo cha mafuta jijini Riyadh zinaposambaa, Nairobi hugawanyika makundi mawili. Moja hutaka safari za Saudia zipigwe marufuku. La pili hutaka serikali ikaombe msamaha ili wasio na stakabadhi warudi nyumbani. Yote mawili yamekwisha kujaribiwa. Septemba 2014 Kenya ilizuia kupelekwa kwa wafanyakazi wa nyumbani Mashariki ya Kati na kufuta vibali vya maajenti 930. Hadi zuio linaondolewa mwaka 2017, watu walikuwa wakisafiri kwa visa za matembezi na kupitia viwanja vya ndege vya majirani, bila mkataba ambao afisa yeyote wa leba angeweza kuudai. Msamaha nao Saudia iliutoa 2013 na tena 2017, na kila mara nafasi za walioondoka zilijazwa na wengine waliopoteza karatasi kwa njia zilezile.

Sisi tunaokuandikia kazi yetu ni kusoma mikataba hii na kuandika malalamiko kwa niaba ya familia. Ombi letu ni moja: mazungumzo yajayo na Riyadh yaanzie pale mfanyakazi halali anapogeuzwa kuwa haramu. Pale panajulikana vizuri, na si mpakani.

Wengi wa wanaoitwa wahamiaji haramu huko hawakuvuka jangwa usiku. Walishukia uwanja wa ndege wa King Khalid, Riyadh, wakiwa na visa ya kazi, cheti cha daktari na mkataba. Uhalali wao baada ya hapo unashikiliwa na iqama, kile kitambulisho cha ukaazi, na iqama inashikiliwa na kafili, yaani mwajiri anayemdhamini. Ndiye anayeiomba, ndiye anayeilipia riyali 600 kwa mwaka kwa mfanyakazi wa nyumbani, ndiye anayeihuisha. Asipoihuisha, mwanamke aliye jikoni kwake akisugua sufuria amekwisha kuvunja sheria ya ukaazi bila kutia mguu nje ya lango. Hivyo ndivyo wa kwanza wanavyopatikana.

Wa pili ni wale ambao ofisi ya kuajiri ya kule, wanayoiita maktabu, huwatoa kwa mwajiri wa kwanza na kuwapeleka kwa mwingine bila kuhamisha kafala, yaani udhamini wake, kwenye mfumo wa serikali. Iqama inasoma Riyadh, yeye yuko Jeddah, umbali wa karibu kilomita 950. Kufanya kazi kwa mtu asiye kafili wako ni kosa, na akikamatwa polisi hawaulizi ni nani aliyempeleka. Karatasi za maktabu hazimtaji popote, kwa hiyo maktabu yenyewe haionekani.

Kundi la tatu ndilo kubwa kwenye faili tunazoziona, na ndilo tunalotaka ulielewe kwa undani: wenye hurubu.

Hurubu ni taarifa kwamba mfanyakazi ametoroka. Kafili huingia kwenye mfumo kwa simu, huchagua jina la mfanyakazi, huthibitisha. Hakuna anayempigia mfanyakazi kumuuliza alipo. Hakuna nakala inayofika ubalozini. Taarifa ikishakaa, kafili ameutua mzigo wa iqama na wa tiketi ya kurudi, na mfanyakazi anaweza kukamatwa popote, hata kwenye kituo cha ukaguzi cha barabarani. Imetokea hurubu kuandikwa dhidi ya mtu ambaye bado yuko ndani ya nyumba ileile akifanya kazi. Imetokea pia iandikwe siku chache baada ya mfanyakazi kulalamikia mishahara ya miezi kadhaa, na hapo ndipo ubaya wake wote unapoonekana. Anapofika kwenye ofisi ya usuluhishi kudai pesa zake, kitu cha kwanza karani anachokiona kwenye skrini ni kwamba mdai ni mtoro. Kesi ya mshahara inageuka kesi ya ukaazi. Akishikilia kudai, kafili anaweza kuongeza shtaka la wizi wa dhahabu au la kumdhuru mtoto, na jina linaingia kwenye orodha ya matlubu, yaani wanaotafutwa. Matlubu haondoki nchini hata akijipeleka mwenyewe kwa polisi, mpaka shtaka limalizwe.

Kwa nini kafili afanye hivyo? Mara nyingi ni hesabu tu. Mwaka 2023 Saudia ilishusha kikomo cha ada ya kumleta mfanyakazi wa nyumbani kutoka Kenya, kutoka riyali 10,870 hadi 9,000. Mshahara wa mikataba mingi ya Wakenya umekuwa riyali 900. Mwajiri basi ametoa mishahara ya miezi kumi kabla hajapikiwa chai, na zile siku 90 za majaribio ambazo angeweza kumrudisha mfanyakazi kwa ofisi zikipita, anahesabu kwamba asiyetaka kukaa amekula pesa yake. Ndiyo maana mwanamke akisema anaumwa au anataka kwenda kwao huambiwa arudishe gharama kwanza. Ndiyo maana pia pasipoti hufungiwa kabatini ingawa kanuni za Saudia zenyewe zinakataza. Kisheria gharama hiyo ni ya mwajiri na si deni la mfanyakazi. Mfanyakazi haambiwi hivyo Nairobi, na Riyadh hakuna wa kumwambia.

Na kukaa nako kuna hatari zake. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje iliieleza kamati ya Bunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefia Saudia katika kipindi cha miaka miwili. Anayemlaumu mwanamke kwa kuruka ukuta aisome taarifa hiyo kwanza.

Utaambiwa, Mheshimiwa, kwamba Saudia imekwisha kufanya mageuzi. Ni kweli, na lazima tuyataje kwa haki. Machi 2021 wafanyakazi wa kampuni walipata nafuu ya kubadilisha mwajiri na kupata visa ya kutoka bila kuomba ruhusa ya kafili. Waliotajwa kuachwa nje ni wafanyakazi wa nyumbani, madereva wa nyumbani, watunza bustani, wachungaji na wa mashambani, yaani sehemu kubwa ya watu tunaowapeleka sisi. Oktoba 2024 ndipo kanuni mpya za kazi za nyumbani zilipoanza: saa zisizozidi 10 kwa siku, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, marufuku ya kuzuia pasipoti. Tangu Julai 2024 mikataba mipya inatakiwa mshahara upite kwenye Musaned, mfumo wa serikali ya Saudia wa mtandaoni wa wafanyakazi wa nyumbani, badala ya kulipwa mkononi, na sharti hilo likapangiwa kuwafikia waajiri wa zamani kwa awamu.

Kanuni hizi zinapokwama ni hapa. Akaunti ya mfanyakazi hufunguliwa kwa namba ya simu, na mara nyingi namba iliyoandikwa ni ya kafili mwenyewe au ya mwanawe. Namba ya siri ya kuthibitisha inapotumwa inaingia kwenye simu ya mwajiri. Kadi ya benki nayo anaishika mama mwenye nyumba, "isipotee". Mfumo utaonyesha riyali 900 zimelipwa mwezi huu na mwezi uliopita, na mfanyakazi hajaziona. Zamani angalau angeweza kusema hakuna risiti. Leo risiti ipo, na inamkana. Mkaguzi wa kazi naye haingii nyumba ya mtu kama anavyoingia kiwandani, kwa hiyo saa 10 za sheria zinahesabiwa na yuleyule anayezidisha saa.

Dawa ya hili haihitaji mkataba mpya wa mataifa mawili. Mfanyakazi asipande ndege bila laini yake ya Kenya yenye huduma ya kupokea ujumbe nje ya nchi, na aonyeshwe kwenye mafunzo ya kabla ya safari jinsi ya kuingia Musaned kwa namba ya iqama na kusoma ukurasa wa mkataba wake. Wiki nzima kwenye mafunzo hayo huenda kwenye kutumia mashine ya kufulia. Tungekata siku moja hapo tukaitia hii.

Waliotoroka au kutolewa nje huitana makemboi, kwa heshima ya Ezekiel Kemboi, bingwa wetu wa mbio za kuruka maji na viunzi. Wengi hufanya vibarua vya kusafisha nyumba wakilala chumba kimoja watu wengi, na wapo wanaopata zaidi ya mshahara wa mkataba. Ukweli huu husemwa kwa kunong'ona kwa sababu unaharibu picha ya mhanga, lakini bila huo hutaelewa kwa nini msamaha ukitangazwa si wote wanaokimbilia foleni. Asiye na iqama hawezi kusajili laini ya simu, kwa maana laini husajiliwa kwa alama za vidole, hivyo hununua ya jina la mtu mwingine na inakatwa wakati wowote. Hawezi kutuma pesa kwa jina lake. Humpa mwenye iqama atume, na pesa zikipotea hapo katikati hana wa kumshtaki. Anayemhifadhi au kumsafirisha aliyeingia nchini kwa kuvuka mpaka anatishwa na kifungo cha hadi miaka 15 na faini ya hadi riyali milioni moja, na ingawa adhabu hiyo imelengwa waliovuka mpaka, hofu yake inawafunika wote. Madereva na wenye nyumba hupandisha bei kulingana na hofu hiyo.

Kisha kuna watoto. Mwanamke asiye na cheti cha ndoa akijifungulia hospitali hujiweka katika hatari ya kuripotiwa, kwa hiyo wengi hujifungulia chumbani. Mtoto hana cheti cha kuzaliwa. Bila cheti hana pasipoti, bila pasipoti hapati ruhusa ya kutoka, na mama hataondoka bila mtoto. Huyo mama hata msamaha wa namna gani utolewe, utampita. Wizara zenu zimewahi kutuma maafisa kuchukua sampuli za DNA, na hilo tunalishukuru. Lakini maafisa wakirudi Nairobi watoto wanaendelea kuzaliwa. Katiba, kifungu cha 14(1), inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku ya kuzaliwa kwake, ndani au nje ya Kenya, mama au baba yake ni raia. Mtoto huyo basi ni Mkenya tayari, na anachokosa ni ushahidi tu. Tunaomba dawati la kudumu la usajili na sampuli katika ubalozi wa Riyadh, lenye siku zinazojulikana za kwenda Jeddah na Dammam, na muda wa mwisho wa matokeo uandikwe kwenye risiti anayopewa mama.

Sasa tuje kwenye msamaha wenyewe, maana tunasikia ndio unaozungumzwa zaidi. Msamaha wa 2017 ulianza mwishoni mwa Machi kwa siku 90 kisha ukaongezwa. Aliyejitokeza alisamehewa faini na hakuandikwa alama ya waliofukuzwa, ile inayomzuia mtu kurudi kufanya kazi. Ni kitu kizuri. Lakini tazama njia yake ilivyo kwa mfanyakazi wa nyumbani. Kwanza anahitaji hati ya kusafiria, na pasipoti iko kwa kafili, kwa hiyo anapanga foleni ubalozini apate hati ya dharura. Ubalozi unataka uthibitisho kwamba ni Mkenya. Kitambulisho kiliachwa nyumbani au kimeungua na chumba. Akiipata, anakwenda Jawazati, idara ya pasipoti ya Saudia, kuchukuliwa alama za vidole. Hapo ndipo matlubu hugunduliwa, na wengine hugundua wenyewe kwa mara ya kwanza kwamba wana kesi. Asiye na kesi hupewa khuruji nihai, ruhusa ya kutoka moja kwa moja, yenye tarehe ya mwisho. Tiketi anajinunulia. Tarehe ikipita kabla ya kupata nauli, amerudi alikoanza. Katikati ya kila hatua kuna dalali anayeuza nafasi, hata ya kuingizwa tarhili, kizuizi cha wanaosafirishwa. Mtu kulipa ili afungwe aweze kufukuzwa ni jambo la ajabu, lakini biashara hiyo ipo.

Na anapopanda ndege, mishahara yake imebaki. Hilo ndilo kosa kubwa la msamaha kama ulivyozoeleka: unamsamehe mfanyakazi faini, na kafili anasamehewa deni bila kutajwa.

Kwa hiyo, ikiwa mtaomba dirisha jingine, liwe na milango miwili. Umoja wa Falme za Kiarabu ulifanya hivyo kuanzia 1 Septemba hadi 31 Desemba 2024: aliyetaka kuondoka aliondoka bila marufuku ya kurudi, na aliyepata mwajiri alihalalishwa akabaki. Saudia yenyewe mwaka 2025 ilifungua muda wa miezi sita wa wafanyakazi wa nyumbani wenye taarifa ya utoro kuhamia kwa waajiri wapya kupitia Musaned. Mlango wa kubaki basi umeshafunguliwa mara moja, na haitakuwa kuomba kitu kisichojulikana kule. Kasoro yake ni kwamba kuhama kulihitaji mwajiri mpya akubali na alipie, na mwanamke aliyejificha Manfuha, mtaa wa Riyadh, hana jinsi ya kumpata mwajiri isipokuwa kwa dalali. Ubalozi ungeweza kuweka orodha ya wanaotafuta kuhama na kuwaunganisha na ofisi zilizosajiliwa. Hatujaona orodha hiyo.

Kuhusu mishahara, anayeondoka aruhusiwe kuacha wakala wa kisheria, yaani idhini iliyoandikwa, kwa afisa wa leba wa ubalozi au wakili aliyeteuliwa, ili madai yaendelee akiwa Kenya. Fomu iwe moja, kwa Kiarabu na Kiswahili, na ijazwe siku ileile anayochukua hati ya dharura, kwa sababu hatarudi ubalozini mara ya pili. Iwe na jina la kafili, namba yake ya kitambulisho, mtaa, mwezi wa mwisho aliolipwa na kiasi. Wengi wanajua majina ya watoto wote wa nyumba ile lakini hawajui jina kamili la kafili. Liko kwenye visa. Ajenti wa Nairobi analo, na sheria imlazimishe alitoe.

Hapo tunafika kwenye upande wetu, ambako huhitaji kumwomba mfalme wala mwanamfalme. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 83, inataka mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na afisa wa leba. Kifungu cha 84 kinataka afisa aridhike kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari, hakudanganywa, ameuelewa mkataba, na afya yake inaruhusu. Afisa hawezi kuridhika na mtu ambaye hayupo mbele yake. Mkataba ukiletwa na ajenti ukiwa kwenye rundo na kugongwa muhuri, kifungu hicho kimekiukwa, hata kama muhuri ni halali. Mfanyakazi aitwe, aulizwe kwa lugha anayoijua, na mkataba wa Nairobi ulinganishwe palepale na ule wa Musaned. Ukiandikwa riyali 1,000 hapa na 900 kule, kule watautambua wa kule.

Kifungu cha 85 ndicho tunachokishangaa zaidi kwa kusahauliwa. Kinasema mwajiri asiyeishi Kenya lazima aweke dhamana ya maandishi, yenye mdhamini mmoja au zaidi anayeishi Kenya. Dhamana hiyo ikidaiwa kwa kila mkataba, na ajenti akiwa ndiye mdhamini, basi hurubu ya uongo inamgharimu mtu wa Nairobi anayeweza kuitwa mahakamani Nairobi. Tiketi, na mishahara iliyothibitishwa, zitoke hapo. Familia zisiendelee kuchangishana kwenye vikundi vya WhatsApp kulipia kosa la mtu mwingine.

Maajenti watakujia na hoja kwamba masharti haya yatawafanya Wasaudi wachukue wafanyakazi Uganda, Ethiopia au Burundi, ambayo ilitia saini makubaliano yake na Saudia Oktoba 2021. Hoja hiyo si ya uongo. Viwango vya 2023 vyenyewe vilipanga nchi kwa bei: Kenya 9,000, Uganda 8,300, Ethiopia 5,900. Lakini orodha hiyohiyo iliiweka Ufilipino 14,700, na bado nyumba za Riyadh zinawataka Wafilipino, ambao serikali yao ilishikilia mshahara usiopungua dola 400, sawa na riyali 1,500, kwa mfanyakazi wa nyumbani. Hawakuupata kwa kuomba. Walisitisha kupeleka watu mara kadhaa, wakaweka maafisa wa kazi katika balozi, nyumba za hifadhi, bima ya lazima inayolipwa na ajenti, na tangu sheria ya mwishoni mwa 2021 wana wizara nzima ya wafanyakazi walio nje. Kenya na Uganda zikikaa meza moja kabla ya kwenda Riyadh, kila mmoja hatakuwa bei rahisi ya mwenzake. Jumuiya ya Afrika Mashariki tunayo. Hii ingekuwa kazi yake.

Kwenye meza ya Riyadh, basi, jambo la kwanza liwe hurubu: taarifa ya utoro isikubaliwe na mfumo mpaka ubalozi uarifiwe na mfanyakazi apewe siku za kujibu, na isiweze kuandikwa kabisa dhidi ya mtu mwenye dai la mshahara lililo wazi. Hili ni badiliko la kompyuta kwa sehemu kubwa. Musaned inajua tayari nani ana dai, na inajua nani hajalipwa. Jambo la pili ni kuwaingiza wafanyakazi wa nyumbani kwenye haki ya kuhama na kutoka waliyopewa wenzao wa kampuni mwaka 2021. Mengine yanaweza kusubiri duru nyingine.

Tunaomba majibu ya maandishi kwa haya matatu: ni mikataba mingapi ya Saudia iliyowekewa dhamana ya kifungu cha 85 tangu zuio liondolewe 2017, ubalozi wa Riyadh una maafisa wangapi wa leba wanaozungumza Kiarabu, na lini maandishi kamili ya makubaliano yetu na Saudia yatabandikwa kwa Kiswahili katika kila ofisi ya leba ya kaunti, ili anayesafiri ayasome kabla ya kutia saini.

Wako kwa heshima,

Tunaoshughulikia malalamiko ya wafanyakazi wa nyumbani walioko Ghuba
Mombasa na Nairobi